Mtoto wa Nani?

Asalaam aleikum, na habari za jioni.

Mwenyekiti, walimu wangu, wazazi mliofunga safari kuja kuwaona vijana wenu, na nyinyi wahitimu wa uuguzi na maabara. Nilipoombwa kuzungumzia utafiti wa jeni, yaani vile vipande vya urithi tunavyopewa na wazazi, na maradhi ya ubongo niliandaa slaidi arobaini, pamoja na mchoro wa kromosomu ulionilia Jumapili nzima. Jana usiku nimeziacha zote. Bwana mitambo, pumzika tu, hatutazima taa. Nataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja, Nancy Wexler, na za watu wa ziwa moja huko Venezuela waliomfungulia milango. Ukiniuliza jeni ya ugonjwa wa Huntington ilipatikanaje, sitaanza na mashine. Nitaanza na swali ambalo bibi zenu wamekuulizeni tangu mnatambaa: wewe mtoto wa nani?

Mwaka 1968, asubuhi, mama mmoja alikuwa akivuka barabara mjini Los Angeles. Askari akamsimamisha, akamuuliza haoni haya kulewa asubuhi yote ile. Mama hakuwa ameonja kitu. Jina lake Leonore Wexler, mama yake Nancy, na ujanani alisomea elimu ya wanyama, akachunguza urithi kwa kutumia vile vijinzi vinavyozunguka ndizi mbivu. Alipokwenda kupimwa akaambiwa ni Huntington. Baba yake alikufa nao. Kaka zake watatu nao ukawachukua.

Kila nikiisoma habari hiyo namkumbuka fundi cherehani wa mtaani kwetu. Alikuwa akikaa kibarazani na cherehani ya miguu. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga hata nguo ikiwa imeshatoka kwenye sindano. Mkono wa kushoto aliukalia. Sisi watoto tulidhani ni mazoea yake, kumbe alikuwa akiubana utulie. Mkewe alimmiminia chai nusu kikombe, kila siku nusu kikombe, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Akitoka kwenda msikitini alikuwa akiyumba, na sisi nyuma yake tunaimba: mlevi, mlevi. Mtu wa swala tano! Watu wazima hawakuimba, lakini walikuwa na lao: karogwa, au ukoo wao umelaaniwa, maana na baba yake alikwenda hivyohivyo. Hakuna aliyempima, akazikwa na jina la ulevi.

Hilo neno la mwisho la watu wazima, kwamba na baba yake alikwenda hivyohivyo, ndilo lenye sayansi ndani yake. Walikuwa wamekosea sababu, lakini walichokiona walikiona sawasawa.

George Huntington, ambaye ugonjwa huu umebeba jina lake, alikuwa kijana wa miaka 22 alipouandika mwaka 1872. Kijana wa miaka 22 ameonaje ugonjwa unaotembea vizazi vitatu? Hakuuona peke yake. Baba yake alikuwa daktari kule Long Island, Marekani, na babu yake pia, na wote walitibu familia zilezile. Babu alimjua bibi mgonjwa, baba akamjua binti, mjukuu akiwa mtoto amepanda gari la farasi pembeni ya baba yake akawaona njiani mama na binti wakijinyonganyonga viungo na kukunja nyuso. Akaandika jambo ambalo limesimama mpaka leo: mtoto akinusurika, uzi umekatika, wanawe na wajukuu wako salama. Alisema hivyo kabla dunia haijajua jeni ni kitu gani, kwa kujua tu nani mtoto wa nani.

Sasa niwaeleze ugonjwa wenyewe kwa ufupi, wauguzi mtaukuta kwenye vitabu vyenu. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 30 na 50. Viungo vinacheza bila ruhusa ya mwenyewe, hasira zinakuja pasipo sababu, akili inaanza kuteleza, kumeza kunakuwa kazi. Mgonjwa anaweza kuishi hivyo miaka 15 mpaka 20. Ukatili wake uko kwenye umri: unapoanza, mtu ameshaoa na kuzaa. Na kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Si kwamba mkiwa wanne lazima wawili wapate. Kila mimba ni shilingi iliyorushwa upya, na familia nyingine shilingi huangukia upande mmoja mara zote.

Nancy alikuwa na miaka 23 baba yao, Milton Wexler, alipowaita yeye na dada yake Alice akawaambia. Milton alikuwa mtaalamu wa tiba ya nafsi, na ningetarajia mtu wa kazi hiyo aanze kuwapangia wanawe namna ya kuishi na huzuni. Yeye alianza kukusanya wanasayansi. Taasisi iliyotokana na juhudi zake, Hereditary Disease Foundation, ilijulikana kwa vikao vya vijana watafiti waliokatazwa kuja na hotuba zilizoandaliwa. Mnaona sasa nimezitupa wapi slaidi zangu.

Nancy mwenyewe hakuwa mtu wa maabara. Wahitimu wa uuguzi, mnaoambiwa kila siku kwamba utafiti ni wa madaktari, shikeni hilo. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1974, ni ya saikolojia. Alijua kukaa na watu. Mama yake alikuwa akififia huku yeye akisoma, na alifariki mwaka 1978.

Tuje ziwani. Maracaibo ni ziwa kubwa magharibi ya Venezuela, lina mafuta chini na wavuvi juu. Kijiji kimoja, Laguneta, nyumba zake zimesimama kwenye nguzo majini, unafika kwa mashua. Mji wa Barranquitas uko ufukweni. Katika miaka ya 1950 daktari wa huko, Américo Negrette, alipopangiwa kazi karibu na mji wa Maracaibo, aliwaona watu wanapepesuka njiani akadhani wamelewa. Wenyeji wakamsahihisha: hao si walevi, hao wana ule ugonjwa. Negrette alisikiliza, akafuatilia, akatambua ni Huntington, akaandika. Nadhani anasahaulika mno katika hadithi hii. Wazungu walikuja baadaye kwa njia aliyoifyeka yeye. Mwaka 1972, kwenye mkutano wa kuadhimisha miaka 100 ya makala ya Huntington, daktari mwingine wa Venezuela, Ramón Ávila Girón, alionyesha filamu ya wagonjwa wa ziwani, na ukumbi ukashangaa jinsi walivyokuwa wengi.

Nancy alifika huko mara ya kwanza mwaka 1979, na kuanzia 1981 akawa anarudi kila mwaka na timu yake, miaka zaidi ya 20. Walikuwa wakikaa na akina mama na wazee, wakiuliza: huyu nani, mama yake nani, ndugu zake wangapi, aliyekufa alikufaje, alikuwa akicheza viungo au hapana? Ukoo waliouchora mwishowe ulikuwa na watu zaidi ya 18,000, vizazi kumi, na wengi wa wagonjwa wakirudi kwa mwanamke mmoja aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 19, María Concepción Soto.

Mtaalamu wa takwimu atashangaa kwa idadi hiyo. Mimi mtu wa pwani nilishangaa kwa jambo jingine: hii ni kazi ya shangazi yangu! Marehemu shangazi alikuwa akikaa mkekani, anakutajia mtu, baba yake, babu yake, waliooana kwa ndugu, aliyekwenda Mombasa asirudi, na yule anayefichwa kwa sababu alizaliwa nje. Yule wa nje ndiye muhimu kuliko wote kwenye jeni, maana ukimwandika baba asiye wake umeharibu hesabu yote. Shangazi angemwambia Nancy pembeni, wakati wa kuchambua mchele, kalamu ikiwa chini.

Kwa nini ukoo mkubwa hivyo? Chukulieni mnamtafuta mwizi msiyemjua sura wala jina. Mnapita nyumba zilizoibiwa, moja baada ya nyingine, na kila nyumba majirani wanasema usiku ule iliegeshwa baiskeli nyekundu. Nyumba ambazo hazikuibiwa, baiskeli haikuonekana. Baiskeli si mwizi, lakini mwizi anakaa karibu nayo. Kwenye DNA, yale maandishi ya urithi yaliyomo mwilini, kuna alama za namna hiyo, vipande vinavyotofautiana mtu na mtu. Ukipata alama inayofuatana na ugonjwa kutoka kwa mzazi mpaka kwa mtoto, na kukosekana kwa waliosalimika, jeni iko jirani. Nyumba tatu hazitoshi, unaweza kudanganywa na bahati. Unahitaji mtaa mzima, wagonjwa na wazima.

Damu ya ziwani ilisafirishwa mpaka Boston kwa James Gusella, kijana ambaye wakubwa walimwonea huruma, maana wapo waliokisia kazi ile ingechukua miaka 50 au zaidi. Alama aliyoitafuta ilipatikana miongoni mwa zile dazeni ya kwanza alizojaribu. Mwaka 1983 wakatangaza: jeni iko kwenye kromosomu ya 4, moja ya vifurushi vinavyobeba DNA. Watu wakadhani mwakani tutaishika. Ikachukua miaka kumi! Makundi sita ya watafiti, Marekani na Uingereza, wakigawana kila walichokipata, wakatangaza Machi 1993, watu 58, kwa jina la kikundi.

Kilichopatikana kinaweza kuhesabiwa kwa tasbihi. Ndani ya jeni hiyo kuna herufi tatu, C, A na G, zinazojirudia kama shanga kwenye uzi. Sote tunazo. Ukiwa na shanga chini ya 36, ugonjwa huu si wako. Ukiwa na 40 au zaidi, utaugua ukijaliwa umri. Katikati, wengine wanaugua na wengine hapana. Zikipita 60 ugonjwa huwa unakuja utotoni au ujanani. Na uzi unaweza kuongezeka shanga unapopita kwa mzazi, hasa baba, hivyo mtoto anaweza kuanza kuugua kabla ya umri alioanzia baba yake. Wale majirani zetu waliosema laana inazidi kila kizazi, jamani, hawakuwa wajinga.

Lakini kabla ya tasbihi kulikuwa na mkono, na mkono huo ndio sababu nimekuja hapa badala ya kuwatumia makala.

Watu wa ziwani walikuwa na haki ya kukataa. Unatokea Marekani, umevaa viatu vizuri, unataka damu, unataka kipande cha ngozi, na wewe ni mzima wa afya. Nitakuamini kwa lipi? Kwenye timu alikuwepo muuguzi kutoka Argentina, Fidela Gómez. Nancy alipowaeleza kwamba hata kwao upo, kwamba mama yake aliugua, hawakusadiki. Wazungu wanaugua ugonjwa wetu? Nancy alikuwa ameshatoa kipande cha ngozi yake mwenyewe kwa ajili ya utafiti, na kovu lilikuwa mkononi. Fidela akaukamata ule mkono, akauinua, akazunguka nao mtu kwa mtu kuwaonyesha: huyu naye ana alama, na mama yake pia, huyu ni mwenzenu.

Kipimo ambacho mwanzoni kilitegemea alama ya 1983, na baada ya 1993 kikawa kuhesabu shanga moja kwa moja, kilikuwa tunda la kazi ya Nancy kuliko la mtu mwingine yeyote. Waandishi wa habari wakamuuliza miaka nenda rudi: wewe umepima? Hakuwajibu. Na ndugu zangu wa maabara, mnaodhani kila jibu linalopatikana lazima litolewe, walio wengi katika hatari hiyo hawapimi. Wanajua kipimo kipo, wanajua kilipo, wanaamua kuishi bila kujua. Zamani niliona huo ni woga. Sasa nina miaka 58 na sioni hivyo tena. Ugonjwa usio na dawa, jibu lake halikuongezei hata siku moja, na likishatolewa halirudi kwenye bomba.

Machi 2020, akiwa na miaka 74, Nancy alisema hadharani kwamba anao. Waliomfahamu walikuwa wameshaona mwendo wake. Aliyetumia maisha yake kutazama miguu ya wengine, wenziwe nao walikuwa wakimtazama miguu.

Sasa deni. Hapa naomba mnivumilie, nitasema kwa uchungu kidogo.

Damu iliyoufungua ugonjwa huu ilitoka kwenye vijiji ambavyo maji safi ni shida. Kipimo kikaenea Marekani na Ulaya. Mwaka 2008 Marekani iliidhinisha tetrabenazini, dawa inayopunguza kucheza kwa viungo bila kuuzuia ugonjwa. Watafiti wakapanda vyeo. Mwaka 2025 kampuni moja ilitangaza matokeo ya awali ya tiba ya jeni inayopandikizwa ubongoni kwa upasuaji wa saa nyingi, na kwamba kwa wagonjwa wachache waliopewa dozi kubwa ugonjwa ulipungua kasi sana. Naomba Mungu iwe kweli. Lakini niambieni, nani wa Barranquitas atapasuliwa ubongo kwa saa nyingi? Mwaka 2017 Papa Francis aliwapokea Vatican wagonjwa na familia zao, wakiwemo wa ziwani. Ilibidi Papa awakumbatie ndipo dunia ikumbuke kwamba wana sura. Nancy mwenyewe simlaumu sana. Alirudi kila mwaka, alipeleka dawa, na kliniki ilifunguliwa Maracaibo mwaka 1999 kwa msaada wa taasisi yao. Angekuwa mmoja kati ya wengi deni lingekuwa dogo.

Na lisiwe la mbali. Mwaka 2001 iligunduliwa jeni nyingine, JPH3, inayoleta ugonjwa unaofanana na Huntington kama pacha. Karibu wagonjwa wake wote wana asili ya Afrika. Kwa hiyo, mhitimu wa maabara, ukipima Huntington kwa mgonjwa wa hapa jibu likaja safi, usimwambie hana kitu. Muulize baba yake alikufaje. Na mwaka 2020 walichapishwa watafiti waliofuatilia Huntington katika ukoo mmoja mkubwa wa Oman. Herufi zinazoizunguka jeni ile ziliwarudisha kwa mzazi mmoja wa kale kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Sisemi alipanda jahazi bandari gani. Nasema tu, humu ndani wako wenye shangazi Muscat na binamu Sur, na sijaona mtafiti aliyekaa mkekani huku kwetu kuuliza upande wa pili wa uzi huo.

Labda sina haki ya kulaumu. Nilipokuwa kijana wa maabara niliajiriwa na kikundi cha utafiti wa kifafa, sitakitaja. Tulikwenda vijiji kadhaa, boksi la barafu begani, tukachukua damu za watoto wenye degedege, na za ndugu zao. Mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza, kwa sababu najua lahaja ya huko. Mimi ndiye niliyesema: tutarudi na majibu. Mradi ukaisha, gari likauzwa, nikapata kazi nyingine. Miaka mingi baadaye niko gulioni nachagua dagaa, bibi mmoja akanishika mkono. Hakunisalimia. Akasema, "Mwanangu, ile damu ya Musa ilisemaje?"

Niliulizia. Damu haikuwa imesema lolote la kumsaidia Musa, na hilo lenyewe lilikuwa jibu alilostahili kupewa miaka yote ile. Musa alikuwa ameshaangukia motoni na kupona na makovu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama dagaa nimeshalipia, akaniongezea fungu moja la kwake.

Daftari la siku zile ninalo. Kurasa 46, michoro ya koo, duara kwa wanawake, mraba kwa wanaume, zilizotiwa wino ni wenye kifafa. Kamati ya maadili imeshatoa barua, matokeo ya kikundi kile nimeyapata na nimeyaandika kwa Kiswahili, na dawa za kifafa zahanati ya kata inazo. Kilichopungua ni watu. Nahitaji wauguzi wawili na mtu mmoja wa maabara, na ningependa mmoja awe anayejua kukaa mkekani bila kutazama simu. Gari linaondoka Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, pale kwenye mwembe nje ya geti. Njooni na ndala, njia ya mwisho ni tope.